Wapiga picha wajifunze kwanza tabia za wanyama

Lugha yetu ya Kiswahili ina kitenzi kimoja kinachotumika kwa bunduki na kwa kamera pia. Mwindaji hupiga risasi, naye mtalii hupiga picha. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba ufanano huo ni wa maneno tu, na kwamba huyu wa pili hana madhara yoyote, maadamu mnyama aliyepigwa picha hubakia akila majani yake huku mgeni akirejea kwao na kumbukumbu yake. Dhana hiyo ndiyo tunayotaka kuipima leo. Katika Bonde la Ufa, kuanzia Naivasha hadi Bogoria, riziki ya jamaa nyingi imefungamana na picha hizo, na dalili zinaonyesha kwamba namna zinavyotafutwa inawadhuru wanyama wenyewe na, ajabu ya mambo, inaziharibu hata picha zinazotafutwa.

Historia ya jambo hili si ndefu. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilipoanza kazi mwaka 1990, vita vyake vikubwa vilikuwa dhidi ya majangili wenye bunduki, na hapana aliyefikiri kwamba siku moja ingefaa kuuliza pia juu ya mwenye kamera. Kamera ilichukuliwa kuwa ndiyo dawa. Kwa kiasi kikubwa ilikuwa dawa kweli, kwani ililetea nchi fedha bila kumwaga damu. Lakini dawa nayo ikizidi kipimo hugeuka sumu.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Maasai Mara. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia duma wa eneo hilo na watoto wao. Ilibainika kwamba katika sehemu zenye watalii wachache, duma jike aliweza kulea watoto wawili na ushei, yaani wastani wa 2.3, hadi wakajitegemea. Katika sehemu zenye watalii wengi wastani huo ulishuka hadi 0.2. Kwa maneno mengine, penye magari mengi, majike watano wangezaa na kuhangaika ili mtoto mmoja tu afikie utu uzima. Si vigumu kuona sababu. Duma huwinda mchana, tena kwa macho na kwa mbio fupi za nguvu. Magari yakimzunguka, swala humwona mapema, au yeye mwenyewe huingiwa na wasiwasi akaacha windo, na watoto wakalala njaa. Hakuna aliyekusudia kumuua mtoto wa duma. Kila mmoja alitaka picha tu.

Mwezi Julai 2025, video iliyoenea kutoka Kogatende, kaskazini mwa Serengeti nchini Tanzania, iliwaonyesha watalii walioteremka magarini mwao na kujipanga kwenye ukingo wa Mto Mara, wakawazibia njia nyumbu waliokuwa wakivuka. Ghadhabu iliyofuata ilikuwa ya haki. Hata hivyo, wengi waliolaumu walilaumu utovu wa nidhamu pekee. Sisi tunaona kwamba chini ya utovu huo kulikuwa na ujinga. Anayewajua nyumbu anafahamu kwamba kundi huweza kusimama ukingoni kwa saa kadhaa likisitasita, na kwamba mmoja wa mbele akithubutu, wengine humfuata kama maji ya mfereji. Na huyo wa mbele akishtuka akageuka, kundi zima hugeuka naye. Mpiga picha mwenye kuyajua hayo angekaa mbali na kivuko, akaacha ukingo wazi, akasubiri. Wale waliosogea walijinyima wenyewe jambo walilosafiri maelfu ya kilomita kuliona.

Tukirudi Nakuru, kisa ni hicho hicho kwa sura nyingine. Ziwa Nakuru lilifanywa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1968 kwa ajili ya ndege wake. Mwaka 1990 likawa eneo la kwanza la Kenya kuandikishwa katika Mkataba wa Ramsar unaohusu ardhi oevu, na mwaka 2011, pamoja na Elementaita na Bogoria, likaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Sifa zote hizo zilitokana hasa na heroe, ndege wale wa waridi ambao kwa miaka mingi walilizingira ziwa kama ushanga shingoni. Kadi za posta, kalenda na vijitabu vya mashirika ya utalii viliieneza sura hiyo kote ulimwenguni.

Mgeni anapowasili hutaka kuipata sura ile ile, tena kwa haraka, na picha inayopendwa kuliko zote ni ya heroe wakiwa angani. Ndipo huzuka tabia mbovu: mtu hupiga makofi, hutimua mbio kuelekea ufuoni, hupiga honi au hurusha jiwe majini ili ndege waruke. Siku hizi wako na wanaorusha vindege visivyo na rubani, ingawa kanuni zinakataza kuvirusha katika mbuga bila idhini. Ndege huruka, picha hupigwa, na mpigaji huondoka akiwa ameridhika.

Je, amepata nini? Mara nyingi amepata picha ya migongo. Heroe anayekimbia adui humpa adui huyo mkia. Fauka ya hayo, heroe hawezi kunyanyuka kama njiwa. Ni lazima akimbie juu ya maji hatua kadhaa huku akielekea upepo unakotoka. Kwa hiyo anayejua upepo unavuma kutoka wapi anaweza kujiweka mahali ambapo ndege, wakiamua wenyewe kuondoka, watamjia uso kwa uso. Hapahitajiwi jiwe wala honi, ila unyasi mmoja uliorushwa hewani kuonyesha mkondo wa upepo.

Na si kuruka tu. Heroe wadogo, ambao ndio wengi katika maziwa yetu, huchuja mwani mdogo mno ulio juu ya maji, na kazi hiyo inahitaji maji yaliyotulia. Kwa sababu hiyo hula sana usiku na alfajiri kabla upepo haujaamka. Ziwa likianza kuchafuka hukusanyika penye maji baridi, kwenye chemchemi na midomo ya mito kama vile Njoro, Makalia na Nderit, ili wanywe na kuoga. Msimu wa uchumba ukifika, mamia yao hushikamana bega kwa bega wakaenda mwendo wa kijeshi, shingo juu, vichwa vikigeuka kushoto na kulia kwa pamoja, kisha mbawa zikafunguliwa ghafla kuonyesha wekundu na weusi. Hakuna tamasha la ndege linaloshinda hilo, na humwendea yule aliyefika mapema akaketi kimya. Anayewafukuza hatawahi kuliona.

Gharama kwa ndege nayo si ndogo. Watafiti waliolichunguza Ziwa Nakuru katika miaka ya 1970 walikadiria kwamba heroe mdogo mmoja huhitaji takriban gramu 60 hadi 70 za mwani mkavu kila siku. Msomaji na afikirie kazi ya kuchuja kiasi hicho, chembe kwa chembe, kwa mdomo ulioinamishwa kichwa chini. Kila anapofukuzwa hupoteza saa ya kula na kuchoma nguvu alizokuwa ameziweka akiba. Mtu mmoja kuwashtua mara moja si msiba. Lakini mbuga hufunguliwa kila siku ya mwaka, na kila kikundi cha wageni hujiona kuwa ndicho cha kwanza.

Jambo hili limezidi uzito kwa sababu ziwa lenyewe limebadilika. Tangu mwaka 2010 hivi maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kupanda. Ziwa Nakuru, lililokuwa na ukubwa wa takriban kilomita mraba 40, lilipanuka hadi kupita kilomita mraba 60 ilipofika mwaka 2020, likazamisha lango kuu la zamani, barabara na misitu ya migunga ya kando yake. Maji mengi yalipunguza makali ya magadi, mwani ukapungua, na heroe wengi wakahamia Bogoria, Elementaita na kwingineko. Hawajatoweka, huja na kuondoka kwa kadiri chakula kinavyopatikana, na huo ndio umekuwa mwendo wao tangu zamani, kwani mazalia yao ya kutegemewa katika Afrika Mashariki ni Ziwa Natron, Tanzania. Lakini yule anayeuza Nakuru kwa picha ya miaka ya 1980 huuza ahadi asiyoweza kuitimiza. Mgeni akikuta heroe mia tano badala ya milioni moja hukasirika, dereva hubabaika, na ndege wale wachache ndio wanaofukuzwa ili waonekane wengi.

Isitoshe, mbuga hiyo ina eneo la kilomita mraba 188 tu na imezungushiwa ua. Ziwa linapopanuka, malisho hupungua, wala kifaru, nyati na twiga hawana pa kuhamia. Wanyama waliobanwa huwa karibu zaidi na barabara, jambo linalomfurahisha mpiga picha. Lakini wana nafasi ndogo ya kumkwepa.

Tumtazame kifaru, ambaye Nakuru imemlinda tangu miaka ya 1980 ilipotengwa kuwa hifadhi yake. Macho yake ni dhaifu, bali masikio na pua ni hodari. Waswahili walimpa yule ndege mdogo anayemtua mgongoni jina la askari wa kifaru, na kwa muda mrefu wageni walidhani jina hilo ni mzaha. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliofanywa Afrika Kusini kwa vifaru weusi. Kifaru asiye na ndege hao alimgundua mtu aliyemnyemelea kwa wastani akiwa umbali wa mita 27, na mara nyingi hakumgundua kabisa. Aliyekuwa nao alimgundua akiwa mita 61. Sayansi ilihitaji miaka mingi kuthibitisha jambo lililokuwa limehifadhiwa katika jina la Kiswahili.

Kwa mpiga picha hilo ni somo la kazi. Ndege wale wakilia na kuruka, kifaru atainua kichwa na masikio yatazunguka kutafuta sauti. Ndio wakati wa kubofya, na ndio wakati wa kujua kwamba umesogea vya kutosha. Vilevile kuna kanuni inayojulikana na walinzi wa mbuga: kifaru mweupe anapoondoka humtanguliza mtoto wake mbele, ilhali mweusi huongoza njia na mtoto akamfuata nyuma. Dereva asiyejua hayo huweza kuliingiza gari katikati ya mama na mtoto bila kukusudia, akageuza asubuhi tulivu kuwa hatari.

Simba na chui wa Nakuru nao wana lugha yao. Simba hulala sehemu kubwa ya siku, na gari linalomngurumia saa saba mchana litapata picha ya tumbo lililolala. Jua likianza kuteremka hupiga miayo, tena mara kadhaa, akajinyoosha, akawalamba wenziwe. Miayo hiyo ni tangazo kwamba karibu atainuka. Chui hutafutwa kwa macho ya wengine: nyani wakibweka kwa ukali, swala pala wakipiga chafya za hofu, twiga wakisimama wote wakitazama upande mmoja, basi hapo pana jambo. Hivi ndivyo wachungaji na warina asali walivyosoma msitu kabla kamera haijabuniwa. Waogiek wa msitu wa Mau, zinakotoka baadhi ya chemchemi za mito inayoingia Ziwa Nakuru, wamewafuata ndege waonyeshao asali tangu enzi za mababu. Elimu tunayoiita ya kisasa ina mizizi hapa hapa nyumbani.

Twende sasa Naivasha. Huko mashua za watalii zina mchezo ulio mashuhuri. Nahodha hupiga mluzi, hutupa samaki majini, naye furukombe hushuka kutoka mtini na kumnyakua mbele ya kamera zilizokwisha kutegwa. Mara nyingine samaki huyo hutiwa kipande cha funjo tumboni ili aelee. Ni picha ya kuvutia, nao vijana wa mashua hupata bakshishi. Lakini ni picha ile ile kwa kila mtu, na ndege aliyezoeshwa kuitika mluzi hufundishwa kuifuata mashua badala ya kutegemea ziwa lake, huku akimeza visivyo chakula.

Ziwa hilo hilo ndiko mtaalamu wa ndege Leslie Brown alikowachunguza furukombe kwa miaka. Ndege hawa huishi wawili wawili, dume na jike, katika eneo wanalolilinda, na hulitangaza kwa mlio ule wa kichwa kilichotupwa nyuma, hasa alfajiri. Anayeutambua mti wa jozi moja na kurudi hapo asubuhi mbili tatu atapata mlio, ugomvi wa mipaka, uwindaji wa kweli na malezi ya makinda. Hata dakika ya kuruka hubashirika: ndege mkubwa wa namna hiyo akiinama mbele, akajisaidia, akakaza mbawa, huwa karibu kuondoka. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Mchezo mwingine wa ziwani hauchekeshi. Mwezi Agosti 2018 mtalii mmoja aliuawa na kiboko ufuoni mwa Ziwa Naivasha alipokuwa akimpiga picha. Kiboko huonekana mzito na mvivu, lakini hutoka majini kwenda kula majani, hasa usiku, na maji ndiyo ngome yake. Aliyesimama kati yake na maji amesimama mlangoni mwa nyumba ya mtu, mwenyewe akiwa nje. Na ziwa linapomeza malisho ya ufuoni, kiboko hulazimika kusogea karibu na watu ili ashibe. Elimu ya tabia za wanyama, basi, si anasa ya wasanii. Inaokoa maisha ya watu.

Yako majibu yanayotolewa, na ni haki tuyasikilize. Madereva na manahodha husema kwamba mgeni hulipa fedha nyingi, ana siku moja tu, na asipoona alichoahidiwa hatoi bakshishi wala hatarudi. Dereva mwenye watoto shuleni hawezi kumwambia mgeni aliyetoka Ulaya, “Tungoje saa tatu.” Akisema hivyo, mwenzake atapigiwa simu na kupewa kazi. Maneno haya ni ya kweli, na wanaohubiri uhifadhi wakiwa ofisini wasiyapuuze. Mshahara wa wengi wao ni mdogo, na bakshishi ndiyo inayokamilisha karo na kodi ya nyumba.

Lakini tuyapime. Kinachomfanya mgeni aridhike ni kuona mnyama akifanya jambo, na kuelezwa jambo hilo lina maana gani. Dereva anayesema, “Tazama masikio yake, sasa atageuka,” kisha mnyama akageuka, humpa mgeni kitu ambacho hawezi kukipata katika kitabu. Huyo ndiye hukumbukwa, ndiye husifiwa kwa marafiki, na ndiye huitwa tena mwaka ujao. Dereva anayekimbizana na magari ishirini yaliyoitana kwa redio na simu humfikisha mgeni mahali ambapo anapiga picha ya magari mengine. Kwa hiyo ujuzi ni mtaji, na mtaji huo haununuliwi kwa fedha za kigeni.

Ushahidi wa hilo ni wale waliolijengea Afrika Mashariki jina katika fani hii. Hugo van Lawick, Mholanzi aliyefika Gombe mwaka 1962 kupiga picha za sokwe wa Jane Goodall, aliishi baadaye miaka mingi Serengeti, akiwafuata mbwa mwitu, mbweha na fisi hadi akawajua mmoja mmoja. Alan Root na mkewe Joan, waliokuwa na makao Naivasha, walitengeneza filamu za nyumbu wanaohama na za mchwa ndani ya kichuguu, kazi iliyodai miezi na miezi ya kuangalia kabla ya kupata dakika chache za kuonyeshwa. Vifaa vyao vilikuwa duni ukilinganisha na simu ambayo kijana wa Nakuru anaitia mfukoni leo. Walichokuwa nacho ni muda, subira na elimu.

Na hapa pana swali ambalo hatuwezi kulikwepa. Mbona majina yanayotajwa kila mara ni ya wageni? Mtoto wa Lanet au Njoro anaweza kukua akisikia ngurumo za simba usiku bila kuingia mbugani hata mara moja, kwa kuwa ada na usafiri vimemshinda mzazi wake. Tukisema kwamba picha njema huzaliwa na kuwajua wanyama, basi aliye karibu nao ndiye angestahili kuwa wa kwanza. Tukimfungia nje, tutaendelea kuuziwa sura ya nchi yetu kutoka nje.

Tufanye nini basi? Kwanza, somo la tabia za wanyama lipewe uzito katika kuwapa leseni madereva wa watalii na manahodha wa mashua. Chama cha waongozaji watalii nchini (KPSGA) kimekuwa kikiwatahini wanachama wake kwa daraja za shaba, fedha na dhahabu tangu miaka ya 1990. Msingi upo. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba asiyepita hata daraja ya kwanza hakabidhiwi wageni.

Pili, taasisi ya utafiti na mafunzo ya wanyamapori iliyoko Naivasha na Chuo Kikuu cha Egerton kilichoko Njoro vifungue kozi fupi, za wiki mbili au tatu, kwa Kiswahili, kwa madereva, manahodha na vijana wenye kamera. Utafiti unaobakia katika maktaba kwa Kiingereza haumfikii anayeshika usukani. Walimu wa kozi hizo wawe pia walinzi wa mbuga na wazee wa jamii zilizoishi na wanyama, kwani hao wana vitabu visivyoandikwa.

Tatu, KWS liwaruhusu wapiga picha wa nyumbani na wanafunzi kuingia kwa ada nafuu siku maalumu, alfajiri na jioni, kwa masharti yanayoeleweka: kutoacha barabara, kutoshuka garini pasiporuhusiwa, kutowashtua ndege, na idadi ya magari kwa mnyama mmoja iwe na kikomo. Atakayevunja masharti aondolewe, awe mgeni au mwenyeji, awe na kamera ya thamani gani.

Nne, wanaoitangaza Nakuru waache kuuza ziwa la jana. Waonyeshe ziwa lilivyo: mwari wanaozaliana Elementaita na kupaa na hewa ya joto asubuhi jua likishapanda, wakaja kuvua Nakuru, vifaru wanaogaagaa matopeni, miti iliyokufa majini ikawa viota, heroe wanaokuja na kuondoka. Mgeni akiambiwa ukweli kabla ya safari hatakuwa na sababu ya kumshurutisha dereva aufukuze ukweli huo uruke.

Haya yote hayahitaji mabilioni. Yanahitaji tukubali kwamba mnyama ana shughuli zake, ana saa yake ya kula, ya kulala na ya kulea, na kwamba aliyekuja kumtazama ndiye anayepaswa kuzifuata saa hizo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. KWS, serikali ya kaunti, wenye makampuni ya utalii na vyuo vyetu vina uwezo wa kulianzisha jambo hili kabla ya msimu ujao wa wageni. Wakichelewa, duma wa Mara wamekwisha kutuonyesha hesabu yake: wawili na ushei pale walipoachiwa nafasi, na karibu na sufuri pale tulipowabana.